Uji Hunywewa, Hauliwi

Bagara, Babati,
Mkoa wa Manyara.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umekaa kivulini, si unahangaika na jembe juani, na lile goti lako la kushoto liwe limekuonea huruma kidogo. Mimi mwanao Barnaba nipo, naamka na kulala. Kikohozi kilichonishika wakati wa kipupwe kimepungua. Baridi ya huku si ya kwetu Masasi. Hii inateremka alfajiri kutoka Mlima Kwaraa na kumkuta mtu wa kusini ndani ya blanketi lake, na wenyeji wananicheka kwa kuvaa sweta mbili wakati wao wamefungua vifungo vya shati.

Barua yako nimeipata. Mwandiko ni wa mdogo wangu Anjela, lakini kila neno nimelisikia kwa sauti yako, hata pale alipofuta na kuandika upya kwa sababu ulibadilisha mawazo katikati. Nimefurahi kusikia mikorosho imechanua. Kuhusu mjukuu wako Sikudhani nimesikitika sana. Umesema tangu mama yake atutoke mtoto amedumaa, wenzake wa rika lake wanakimbiza kuku na yeye bado anapenda kukaa. Dada Yustina, Mungu ampumzishe, alikuachia mzigo mzito, nawe umeubeba bila kunung'unika. Nakushukuru, ingawa shukrani haimnyweshi mtoto maziwa.

Umeniuliza kama huu unga tunaowapa watoto wa watu huku Babati unafaa. Tena umesema umeshafunga kanga zako, mvua zikipungua utapanda basi na Sikudhani mgongoni, umlete kwangu apewe unga na yeye, kwa kuwa mjomba wake ndiye Bwana Lishe. Hapo nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka.

Usije, mama. Nalisema mapema usije ukaisikiliza barua yote ukiwa umeshika kikapu. Sababu nitakueleza, na itakuwa ndefu kidogo, maana nikisema kwa kifupi utadhani nimekukatalia kwa ubaya au nina mke huku nisiyetaka umwone. Sina mke. Sina hata cha kumpa mke.

Kazi yangu hujawahi kuielewa vizuri, na kosa si lako. Kila nikija likizo nasema "utafiti" halafu naomba chai. Basi sikiliza. Mkoa huu ni mpya, zamani watu hawa walikuwa chini ya Arusha. Sasa Babati ndiyo makao makuu, lakini majengo hayajaufikia ukubwa wa jina, na ofisi nyingine zimo katika nyumba za kupanga, unamkuta karani ameketi pale palipotakiwa kitanda. Sisi wa mradi wa lishe tulipanga nyumba hapa Bagara. Mkutano tunafanyia sebuleni, mizani tunaitunza jikoni. Mimi na wenzangu wawili, Severini na Magreti, kila asubuhi tulikuwa tunapanda baiskeli na kwenda kuwapima watoto majumbani, hapa mjini na huko Singe kwenye mashamba ya mahindi na mbaazi.

Utafiti ulitaka kujua kama unga fulani wa lishe unawakuza watoto wadogo. Kina mama walipiga kura kwa kuchukua vikaratasi kwenye kofia. Waliobahatika walipewa pakiti za unga kila wiki, umechanganywa mahindi, soya na karanga, wampikie mtoto uji. Wasiobahatika waliambiwa waendelee na chakula cha kawaida. Watoto wote tuliwaning'iniza kwenye mizani kila mwezi, tukawachoma vidole kuchukua damu, na mwishoni tulinganishe nani amekua zaidi.

Sasa, kabla utafiti wowote haujaanza huandikwa andiko ambalo ofisini tunaliita protokali. Humo huelezwa nani atapewa nini, kiasi gani, kwa njia gani, na nani atahakikisha. Ni kama wewe ulipolazwa mwaka ule ukamwachia Anjela jiko. Hukumwambia "pika mboga". Ulimwambia majani yapi, karanga kiasi gani, na nani asiwekewe pilipili. Protokali yetu iliandikwa na mkuu wetu, Dokta Kileo, mama mtu mzima, mwema, ambaye hajawahi kutupandishia sauti. Ilikuwa na kurasa nyingi juu ya mizani, nyingi zaidi juu ya damu na hesabu. Kuhusu chakula chenyewe kulikuwa na mistari michache tu. Kundi la kwanza litapewa uji wa unga wa lishe. Kundi la pili litaendelea na chakula cha kawaida. Waliotakiwa kuipitisha waliipitisha, sisi tuliisoma tukaona iko sawa, na kazi ikaanza.

Neno hilo "kawaida" siku hizi nikilisikia redioni nazima redio.

Kuna mama mmoja hapa mjini, Bi Zuhura, mumewe ana duka la vitambaa karibu na soko. Mjukuu wake Twalibu aliangukia kundi la kawaida. Siku moja nimeenda kumpima, Bi Zuhura akanipokea na utani wake.

"Karibu, Bwana Lishe. Umekuja tena kutupimia njaa yetu?"

"Nimekuja kumpima Twalibu tu, Bi Zuhura. Siku hizi mnampa nini?"

"Si mlisema kawaida? Tunampa kawaida."

Nikaomba kuiona hiyo kawaida. Akafunua sufuria. Uji wa ulezi na mahindi, umetiwa karanga za kusaga, umetiwa unga wa dagaa wa Mwanza, umechemshwa kwa maziwa. Nilipoonja nikajua wetu haufiki hata nusu ya huo. Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akasema kliniki, muuguzi aliwafundisha kina mama wote, na siku hizi sokoni unauzwa umeshachanganywa.

"Nyie mlisema mjukuu wangu hakupata kura," akasema. "Sasa nisubiri kura ndiyo mtoto anywe uji?"

Na siku hiyohiyo jioni nilipita nyumba nyingine, huko Singe, na yenyewe ya kundi la kawaida, kawaida yao ikiwa ugali na mlenda, na mlenda wenyewe siku nyingine hakuna. Nyumba zote mbili niliziandikia neno lilelile, kwa kuwa ndilo neno nililopewa. Hakukuwa na mahali pa kuandika jingine. Hata nyumba moja haikuwa na kawaida moja, maana kawaida ya baada ya mavuno si ya mwezi wa pili ghala likiwa tupu, wewe mkulima unajua kuliko mimi.

Bado tulikuwa na matumaini, mama. Tulisema hesabu zitayaweka sawa hayo. Dokta Kileo alikuwa anasema matokeo yakiwa mazuri unga utapelekwa kwenye kliniki za mikoa mingine pia, na mimi moyoni nilikuwa nimeshaupeleka Masasi. Nilikuwa nikimwona Sikudhani na kikombe mkononi. Ndiyo maana nilikuandikia ile barua ya majigambo, ukaenda kuisimulia kanisani.

Mwaka ulipoisha, wafadhili wakamtuma mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Kazi yake ni kuangalia kama yaliyoandikwa yalifanyika, na kama yaliyofanyika yaliandikwa. Nilitegemea mtu mkali. Akaja kijana mpole, anayesema tafadhali kwa kila mtu, hata kwa mlinzi. Tukakaa sebuleni akaanza na swali dogo.

"Uji mliowapa ulikuwa mzito au mwepesi?"

Severini akasema mzito. Magreti akasema mwepesi, wa kunyweka. Mimi nikasema inategemea.

"Inategemea nini, kaka?"

"Inategemea nyumba."

Akauliza ulipikwa kwa maji au maziwa. Ikategemea nyumba. Akauliza kikombe ni kikombe gani. Tukatazamana, maana kila nyumba ina kikombe chake. Akauliza kama ndugu wa mtoto nao walikuwa wanakunywa. Magreti akacheka, akasema kaka, wewe ukipika uji nyumba yenye watoto watano utamwita mmoja? Naye akacheka kidogo, na Dokta Kileo hakucheka.

Kesho yake akaomba tumpeleke aone nyumba moja. Tukampeleka Singe kwa Mama Paulo. Huyu ni mama wa Kiiraqw, mchapakazi, mtoto wake Paulo alikuwa kundi la unga tangu siku ya kwanza. Tulimkuta ameketi mlangoni anamnywesha Paulo uji wetu, kikombe kimejaa, mtoto amejipaka hadi masikioni. Mkaguzi akafurahi kuona hivyo. Akasalimia, akachuchumaa, akamuuliza swali letu kama lilivyoandikwa, lile tuliloliuliza kila nyumba kwa mwaka mzima.

"Mama, jana mtoto alikula unga wa mradi?"

"Hapana. Jana hakula."

"Na juzi?"

"Juzi hakula pia."

Mkaguzi akatazama kikombe. "Na hiki anachokula sasa?"

"Hiki ni uji."

"Uji wa unga gani, mama?"

"Si huuhuu wa kwenu?"

"Basi anakula."

Mama Paulo akamtazama kwa subira, kama anavyotazamwa mgeni asiyejua njia. "Baba, uji mtu anakunywa. Kula ni ugali. Jana uji alikunywa, asubuhi na jioni. Kula hakula, alisinzia mapema."

Mama, si kwamba Mama Paulo alijua kitu ambacho sisi hatukijui. Hata wewe, mtu akishinda na uji peke yake unasema ameshinda njaa. Mimi pia nasema hivyo, na Dokta Kileo, na huyo mkaguzi akirudi kwao atasema hivyohivyo. Uji hunywewa, hauliwi, hilo hakuna aliyefundishwa darasani. Lakini swali lilikuja kwa Kiingereza, likageuzwa Kiswahili ofisini kwa haraka, likawa "alikula", na kwa vile sote tulijua lilimaanisha nini, hakuna aliyelisikia linavyosema.

Tuliporudi mkaguzi akatuuliza kila mmoja alikuwa anajazaje jibu. Magreti akasema alikuwa anauliza alikunywa, si alikula, maana aliona hivyo ndivyo mtu anavyosema. Severini akasema yeye alikuwa anaandika alichojibiwa na mama, kwa kuwa tulikatazwa kuongeza maneno yetu. Kwa hiyo watoto wa Severini karibu wote wanaonekana hawakuugusa unga. Mimi nilikuwa natazama. Nikiona kikombe naandika ndiyo, nisipokiona naandika hapana. Hata ukiniuliza leo nani kati yetu alikosea, siwezi kukuambia, maana protokali haikusema tujaze kwa njia ipi.

Dokta Kileo akasema tuwarudie kina mama tuwaulize upya, safari hii kwa kunywa. Mkaguzi akamjibu kwa adabu.

"Tutawauliza, mama, mtoto alikunywa nini mwaka jana mwezi wa tatu? Nani atakumbuka?"

Kisha akauliza habari za unga wenyewe. Hapo ndipo Magreti akakumbuka kwamba kuna wakati soya ilikosekana na msagaji akazidisha mahindi. Ilikuwa kwa muda tu. Muda gani, hakujua. Pakiti zipi, hakujua. Sote tulikumbuka na hakuna aliyekuwa ameandika, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa kwamba huandikwa.

"Mimi siwezi kusema unga haufai," akasema yule kijana. "Wala siwezi kusema unafaa. Hata nikitaka kusema, sijui ningekuwa nasema habari za unga gani."

Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka, mama. Mtu akifoka unapata cha kumchukia. Dokta Kileo alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni lake, akaifuta muda mrefu, halafu akasema kitu kimoja tu, kwamba watoto walichomwa sindano bure. Akainuka akaenda jikoni kulikokuwa na mizani, akakaa huko. Tulimwacha. Najua anajilaumu, na sioni nani wa kumwambia asijilaumu.

Basi mradi umefungwa. Unga hauji tena, kwa watoto wa hapa wala wa mahali pengine popote. Nimewahi kuona kazi zikishindwa kwa sababu jibu lilikuwa baya, na hilo nalo ni jibu, mtu analibeba akaenda nalo. Yetu haina jibu. Mwaka mzima wa jua, vumbi na pancha, na watoto wanalia wakituona kwa kuwa wametujua ni watu wa sindano, na mwisho wake tuko palepale tulipokuwa kabla hatujanunua baiskeli.

Wiki iliyopita nilitumwa kuwaambia kina mama wa Singe. Kwa Mama Paulo nilikwenda mwisho kwa makusudi, nilikuwa naogopa. Alinisikiliza hadi nikamaliza, huku anapembua mbaazi kwenye ungo.

"Basi niambie wewe, Bwana Lishe," akasema. "Huo unga ulikuwa unamsaidia au haumsaidii?"

"Sijui, mama."

"Mwaka mzima mnamning'iniza mtoto kwenye mizani, hamjui?"

"Hatujui."

Akaendelea kupembua. Nikamuuliza yeye mwenyewe anaonaje.

"Mimi naona amekua," akasema. "Lakini na wa jirani amekua, na hakupewa. Na wa kule juu alipewa, akaugua tu. Sasa mimi niseme nini? Nilidhani nyie ndio mnajua."

Akanifungia mbaazi kwenye gazeti nikapike. Nilizipokea kwa mikono miwili, kukataa kungekuwa matusi. Nikasukuma baiskeli hadi barabarani, sikuweza kuipanda, macho yalikuwa yamejaa maji, na nilishukuru kwamba njia ilikuwa haina watu.

Sasa umeona, mama. Swali lako ni lile la Mama Paulo, na jibu ni lile nililompa yeye. Sijui. Ungepanda mabasi siku zote hizo na goti hilo, ukavuka Rufiji kwenye matope, ukashuka stendi ya Babati na mtoto mgongoni, ningekupokea kwa furaha na nisingekuwa na cha kumpa. Chumba changu kina godoro na jiko la mafuta. Bwana Lishe mwenyewe anakula mihogo ya kuchoma ya pale kona.

Umesema Sikudhani siku hizi "anakula vizuri". Zamani ningelisoma hilo nikalala usingizi. Sasa nakaa nalo. Anakula nini, mama? Ugali wa muhogo? Na nini pembeni? Anapata kunde, au kunde ni za wakubwa kwa kuwa yeye ni mdogo? Yale tuliyofundishwa kliniki tangu zamani hayakuhitaji utafiti wetu: karanga, kunde, dagaa, yai. Lakini najua nyumbani kwetu yai linakwenda dukani na karanga ni mbegu ya msimu ujao. Nakutajia vitu ambavyo nakuona kabisa unatikisa kichwa. Unanisamehe, sina vingine.

Nimemwomba Anjela ampeleke mtoto hospitali ya wilaya akapimwe. Ni kupimwa tu, wala usiogope. Mruhusu aende naye mapema, na wewe bakia ulipumzishe hilo goti.

Mimi nitakuja makabidhiano yakiisha. Wanataka kila mizani na kila baiskeli ihesabiwe mbele yetu sote, na bila hivyo hawanipi barua ya kuachishwa kazi. Baada ya hapo sijui. Ofisi za mkoa zinaajiri, lakini wanataka watu wenye vyeti nisivyokuwa navyo, na nikiulizwa nilifanya nini mwaka huu sioni nitajibuje. Severini anazungumzia migodi ya Mererani. Mimi sina nguvu za kuzungumzia chochote. Zamani nilikuwa mtu wa kukupa moyo, na leo ninaandika nikitafuta neno moja la kukupa, silipati. Naona ni bora nikuambie hivyo kuliko nikudanganye.

Nisalimie mjomba Stefano fundi seremala, mwambie kitanda nilichomwagiza asikianze. Nisalimie shangazi Somoe wa vitumbua, na mzee Nankondo balozi wetu, aliyeniandikia barua ya utambulisho nilipokuja huku akanisifu kuliko ninavyostahili. Nisalimie mwalimu wa kwaya. Sikudhani mbusu shavuni kwa niaba yangu. Na wote wanaoniulizia, waambie Barnaba yupo.

Nakuaga nikiwa nimepiga magoti kwako, mama. Uendelee kuniombea, hata kama mimi siku hizi nikianza sala nasahau nilitaka kuomba nini.

Mwanao,
Barnaba.

*

Kwa Anjela. Usisome kwa sauti.

Mdogo wangu, ukurasa huu nimeuweka nyuma ya zote, maana nakujua, ukifungua bahasha unaanzia mwisho uone kama nimekusalimia. Kwa hiyo huenda hili ndilo la kwanza kulisoma, na ndivyo ninavyotaka. Habari za unga mama atazisikia baadaye, zinaweza kusubiri.

Kuna mstari mmoja katika barua yenu ambao sikumjibu mama. Alikwambia uandike kwamba sasa amepata moyo, kwa sababu Sikudhani ameanza kunenepa: uso umejaa, miguu imejaa, hata vile viatu vya Krismasi havimwingii. Nikaona umechora na ua dogo pembeni.

Anjela, mtoto asiyekua hanenepi miguu. Mweke mapajani, mbonyeze kwa kidole gumba juu ya unyayo, uhesabu taratibu, kisha uondoe. Kama kishimo kinabaki, huo si unene, ni maji. Mtazame nywele kama zimekuwa nyepesi na nyekundu. Mtazame kama analia bila nguvu, au halii kabisa, anakaa tu. Huku nimewaona watoto wa namna hiyo. Waliofikishwa hospitali mapema wengine walipona. Waliosubiri, sitaki kukuandikia.

Usimpe mama nafasi ya kubishana. Usingoje Jumatatu, usingoje kliniki ya kata, usinijibu barua hii kwanza. Beba mtoto uende. Ukifika waambie amevimba, waonyeshe miguu kabla hawajauliza jina.

Nimepiga simu kutoka posta hadi parokiani, aliyepokea akasema atatuma mtu akipatikana wa kuja upande wenu. Sijui kama alipatikana. Nimeomba ruhusa niondoke leo, nikaambiwa nisubiri makabidhiano, nikasema mengine ambayo mama asingependa kuyasikia, na bado nikaambiwa nisubiri. Nikiondoka bila kusaini sitapata hata nauli ya kufika kwenu. Barua hii anakuja nayo mwalimu mmoja wa Masasi anayeondoka kesho, ameniahidi ataifikisha mkononi mwako.

Lakini nimetazama mhuri wa bahasha yenu. Ilikaa njiani muda mrefu sana, Anjela. Miguu hiyo ilikuwa imejaa tangu wakati ule.

Kwa hiyo ikiwa mmeshamzika, hizi kurasa zingine usimsomee mama hata moja. Zikunje uzitie jikoni. Mwambie nimeandika kwamba nawasalimu wote.

Kaka yako,
Barnaba.